Stesheni ya Arusha Juu ya Meza

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za reli ya Arusha, walakini si kwa kuhesabu tarehe peke yake. Twataka mwanafunzi wa Moshono, au mtu mzima apataye nafasi jioni, aitengeneze stesheni hiyo ndogo juu ya meza, apate kuona kwa macho yake kazi iliyokuwa ikifanywa pale. Wengi wadhani kazi ya reli ni kwenda mbio. Katika mji wa mwisho wa njia, kama ulivyo Arusha, kazi kubwa ilikuwa kuyapanga mabehewa.

Kufanya mifano ya reli si jambo jipya. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, Wajerumani wa nyumba ya Märklin walionyesha gari la moshi la kuchezea lililokwenda kwa ufunguo kama saa. Akili yao haikuwa katika gari hilo, bali katika reli zake: zilikuwa vipande vya vipimo maalumu, hata aliyenunua kidogo mwaka huu aliweza kuongeza mwaka ujao. Siku hizi kipimo kipendwacho sana ni cha moja kwa 87, yaani kitu chenye urefu wa sentimeta 87 katika ulimwengu hupata sentimeta moja mezani.

Haya, tujaribu kipimo hicho kwa reli yetu. Upana wake kati ya chuma na chuma ni mita moja, basi mezani utakuwa milimeta 11 na nusu. Behewa la mita 9 litakuwa na sentimeta 10 na kidogo, karibu sawa na viberiti viwili vilivyogusana ncha kwa ncha. Lakini safari ya Moshi mpaka Arusha ni kilometa 86, na kwa kipimo hichohicho yahitaji meza ya karibu kilometa nzima! Nani mwenye nyumba hiyo? Basi hatuna budi kuchagua, nasi twachagua ncha ya njia.

Ncha hiyo ilichelewa kufika. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, na kampuni iliyoshika kazi ikaishiwa na fedha. Muheza, mwendo wa kilometa 40 tu, ilifunguliwa mwaka 1896. Mwaka 1899 serikali ikaichukua njia mikononi mwake. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Shauri la kuisukuma mpaka Arusha lilikuwapo, lakini vita vya mwaka 1914 vikalikatiza. Katika vita hivyohivyo Waingereza walitandika reli kutoka Voi kupita Taveta mpaka Kahe, karibu na Moshi, ili kuwapelekea askari wao vyakula na risasi. Reli ya vita ikabaki kuwa reli ya biashara, na tangu hapo mizigo ya kaskazini ilikuwa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Arusha ilipata gari la moshi mwaka 1929. Kabla ya hapo mizigo yake ilikwenda Moshi kwa njia ya nchi kavu, na wakati wa masika njia hiyo ilikuwa tope. Mtu asiyekumbuka tope hilo hawezi kujua thamani ya mataruma.

Sasa tuchukue ubao wenye urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimeta 30. Reli za dukani ni ghali, nazo si lazima. Kata vipande vya boksi gumu, uvibandike juu ya ubao kwa gundi, ukiacha kati yao mfuo wenye upana wa milimeta 12. Mfuo huo ndio njia. Chini ya kila behewa la viberiti bandika kijiti chembamba kipitacho katika mfuo bila kukwama, na kila ncha tia kulabu ya waya. Injini na iwe kipande cha mti kilichochongwa. Vijana wanaofanya magari ya waya na makopo hawatahitaji kufundishwa zaidi.

Mpango wa njia twauazima kwa Mwingereza Alan Wright, ambaye katika karne ya 20 alifanya mfano mdogo sana uliopata sifa nyingi. Njia moja kuu yagawanyika kuwa tatu. Ya kwanza yapokea mabehewa 5, ya pili 3, ya tatu 3. Ile njia kuu yenyewe ina nafasi ya injini na mabehewa 3 tu. Mabehewa yote ni 8. Mchezaji hutakiwa kutoa 5 katika hayo na kuyapanga kama alivyoamriwa, na namna za kuyapanga hayo ni 6,720. Ukilitazama jambo hili utaliona jepesi, lakini ukianza kusukuma utakaa hapo mpaka taa iishe mafuta.

Kando ya njia weka majengo ya mji. Ghala la kahawa halikosi kuwapo. Weka pia matangi ya mafuta, na kinu cha unga. Mtaa wa Unga Limited mjini Arusha ulichukua jina lake kwa kampuni ya kusaga unga, na jina likadumu. Atakaye mji wa siku za baadaye na aongeze kiwanda cha matairi, kilichoanza kazi mwaka 1971.

Hapa ndipo historia iingiapo katika mchezo. Tuseme twaishi mwaka 1935. Gari latoka Arusha, nalo lina behewa moja la kahawa iendayo kukobolewa Moshi, mawili ya Mombasa, na mawili ya Tanga. Tukiliacha kando behewa la gadi, yapangwe namna gani? La Moshi liwe nyuma kabisa, maana litaachwa kwanza. Mbele yake yawe ya Mombasa, yatakayoachwa Kahe. Ya Tanga yawe karibu na injini, kwa kuwa yana safari ndefu. Ukikosea, itakubidi kuvuta na kurudisha nyuma kila stesheni, au magunia ya mkulima yafike katika bandari ambayo meli yake haipo. Kwa mkulima wa mlimani hilo halikuwa jambo la mchezo. Ada ya shule ya watoto wake ilikuwa ndani ya magunia hayo.

Geuza mwaka, na amri itageuka. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, nayo reli ya Tanga ikashikana na reli ya kati kwa mara ya kwanza. Tangu hapo kuna mabehewa ya Dar es Salaam pia, ya kuachwa baada ya Kahe na kabla ya Tanga. Mwaka 1977 ushirika wa reli wa Afrika Mashariki ulivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983; basi mchezaji wa miaka hiyo aondoe mezani kila behewa la Mombasa, aone ghala litakavyojaa.

Twaongeza jambo moja la kufurahisha. Miongoni mwa injini kubwa za mvuke zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilizopewa majina ya milima, mojawapo iliitwa Mount Meru. Kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Usiiweke juu ya ubao wako, hata ukilipenda jina lake.

Baadaye malori yaliishinda reli, na kwa miaka mingi stesheni ya Arusha ilikaa kimya, mpaka gari la abiria liliporudi mwaka 2020. Moshono iko upande wa mashariki wa mji, wala stesheni si mbali. Kabla ya kukata boksi lako nenda ukaitazame, uhesabu njia, uandike ni jengo gani lililo kando ya kila moja. Kisha mtafute mzee aliyefanya kazi ya kufunga na kufungua kulabu za mabehewa, umpe ubao wako, na umwambie akupangie gari la kwenda Tanga.