Wapuliza Zumari wa Mji

Jamani, leo nimekereka darasani. Tuko kwenye historia ya muziki, mwalimu kaandika ubaoni neno la Kijerumani: Stadtpfeifer. Stadt ni mji, Pfeifer ni mpuliza filimbi au zumari. Jamaa mmoja kule nyuma akaropoka, "Yaani usomeshwe weee, uishie kupuliza filimbi!" Darasa zima kicheko. Mimi sikucheka. Babu yangu alikuwa anapiga zumari kwenye maharusi, na mara nyingi sahani yake ililetwa uani wakati wageni wanakula sebuleni.

Basi jioni nikajichimbia kimbwetani na kitabu. Kumbe dharau hii ni ya kale! Sachsenspiegel, kitabu cha sheria kilichoandikwa Ujerumani karne ya 13, kinasema mpiga muziki wa kuzurura akikosewa, fidia yake ni kivuli cha mtu. Kivuli, jamani!

Halafu miji ikaanza kuwaajiri. Wakawa na mshahara, wanapiga kutoka mnarani, kanisani na kwenye harusi. Jina likabaki "wapuliza" ingawa walipiga tarumbeta, tromboni, hata fidla. Mwaka 1653 wanamuziki wa miji ya Saxony wakaungana, wakajitungia kanuni, na Kaizari Ferdinand III akazithibitisha. Kutoka kivuli mpaka muhuri wa Kaizari, si mchezo.

Mwaka 1671 mji wa Eisenach ulimwajiri mmoja wao, Johann Ambrosius Bach. Mwaka 1685 akazaliwa mwanawe, Johann Sebastian, ndiye huyo Bach tunayemsoma kila siku. Ukoo wao ulijaa wanamuziki kiasi kwamba kule Erfurt mwanamuziki yeyote wa mji aliitwa "Bach" tu, hata kama si ndugu yao. Jina la ukoo likawa jina la kazi.

Na sisi je? Zumari tumelipata kwa Waarabu, kwao ni mizmari, na asili yake ni kupuliza tu. Neno lenyewe halina kosa lolote. Dharau tumeiongeza wenyewe.

Nimempigia mama kumuuliza zumari la babu liko wapi. Anasema lipo juu ya kabati, limefungwa kwenye kanga. Likizo nalifuata.

Haya wenzangu, kwenu mpiga zumari anakula wapi?