Ngazi za Ruhusa na Nywila katika Programu za Kusimamia Hifadhi ya Data

Ngazi za ruhusa ni mipaka ambayo programu ya kusimamia hifadhi ya data humwekea kila mtumiaji: nani asome tu, nani aandike, nani agawe nafasi ya diski, nani afute. Nywila huthibitisha kwamba anayeingia ndiye mwenyewe. Ngazi ndiyo huamua atakachoweza kufanya akishaingia. Kosa kubwa la usanidi ni kukazania nywila huku mafundi wote wakitumia akaunti moja ya msimamizi mkuu, kwa sababu nywila huweza kuvuja hata kama hakuna aliyeikisia. Katika miaka ya 1960, kwenye mfumo wa kompyuta wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, mafaili mawili yaliyokuwa yakihaririwa kwa wakati mmoja yalibadilishana nafasi, na kila aliyeingia akaonyeshwa orodha ya nywila za watumiaji wote. Mwaka 1975 wataalamu wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo bado ni msingi wa fani hii: kila mtumiaji na kila programu ipewe uwezo unaotosha kazi yake, basi.

Gharama ya kuipuuza kanuni hiyo ilionekana Juni 2014. Kampuni ya Code Spaces, iliyohifadhi misimbo ya wateja wake kwenye huduma ya Amazon, ilivamiwa na mtu aliyefika hadi kwenye paneli ya usimamizi na kudai fedha. Kampuni ilibadilisha nywila, lakini mvamizi alikwisha kujitengenezea akaunti nyingine. Alipoona anafungiwa mlango, akaanza kufuta. Data nyingi ilipotea pamoja na nakala zake rudufu, kwa kuwa zote zilitawaliwa kutoka paneli ileile. Kampuni ikafunga shughuli zake. Hapa nywila mpya haikusaidia kitu. Kilichokosekana ni ukuta kati ya anayeendesha hifadhi na anayeweza kufuta nakala.

Wapo wanaosema kwamba ofisi ndogo yenye fundi mmoja haiwezi kugawa ngazi. Inaweza: fundi huyohuyo awe na akaunti mbili, ya kazi za kila siku na ya kufuta, kila moja na nywila yake. Wengine huhofia kuchelewa wakati wa dharura, na hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni akaunti ya dharura ambayo nywila yake imefungiwa kwenye kasha na kila matumizi yake huandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Ama desturi ya kulazimisha nywila mpya kila baada ya miezi 3, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza mwaka 2017, isipokuwa pale kunapokuwa na dalili ya kuvuja.

Anayesanidi programu mpya na aanze na akaunti ya kufuta nakala: aitenge, aipe nywila ndefu isiyotumika kwingine pamoja na uthibitisho wa pili, ndipo agawe ngazi nyingine.