Breki: Historia Yake na Deni Langu

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka 30, nikaitungia maswali ya mitihani, na nikawakemea wanachuo walioieleza vibaya. Hata hivyo nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba maana yake kamili niliipata nikiwa nimekwisha kustaafu, nimelala chali chini ya gari kuukuu, uso umejaa kutu na mafuta machafu.

Gari lenyewe ni Land Rover pikapu, la ile aina iitwayo 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Nililinunua mwaka 2017 kwa mkulima mmoja aliyekuwa ameligeuza banda la kuku. Wanangu walicheka. Walidhani baba yao amechoka kupumzika. Sikuwaeleza sababu wakati ule. Nitaieleza hapa, lakini niruhusu kwanza nieleze breki zimetoka wapi, maana mwalimu hawezi kusahihisha kosa kabla hajafundisha somo.

Kukimbiza chombo si kazi kubwa. Kazi ni kukisimamisha. Wasukuma mikokoteni wa mijini wanalijua hilo. Nimewaona wakifunga kipande cha tairi nyuma ya mkokoteni. Wakifika mteremkoni huinua mikono ya mbele, tairi likakwaruza barabara, na mzigo ukapungua kasi. Magari ya kwanza nayo yalikuwa na akili hiyohiyo: kipande cha mbao kilichosukumwa kwa wenzo hadi kikagusa gurudumu. Matairi ya upepo yalipoenea, baada ya Dunlop kuyatengeneza mwaka 1888, mbao haikufaa tena, kwa kuwa ililila tairi.

Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alileta breki za dramu, yaani chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake breki shuu mbili zinazotanuka na kukikaba. Mwaka huohuo, Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski, ambazo hubana sahani ya chuma kwa pande zote mbili. Wazo la Lanchester lilikuwa zuri, lakini liliwahi mno. Metali za siku zile zilipiga kelele na kulika upesi kwa vumbi la barabara. Diski zilingoja nusu karne, hadi Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa nazo.

Hatua nyingine ilikuwa ya kuacha waya na fimbo na kutumia mafuta. Hapa wanafunzi wangu wa fizikia watamkumbuka Blaise Pascal, aliyeonyesha katika karne ya 17 kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo huenea sawa kila upande. Mmarekani Malcolm Loughead alilipeleka somo hilo kwenye magari, na mwaka 1921 Duesenberg ikatoa gari lenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Mguu mmoja ukakanyaga, na magurudumu manne yakatii kwa pamoja.

Lakini kanuni ya Pascal ina sharti: kimiminika lazima kiwe kimefungiwa, na lazima kiwe kimiminika kweli. Kikivuja, hakuna msukumo. Kikichemka kikawa mvuke, mguu hukandamiza mvuke ule kama mtu anayekandamiza mto wa sufi, na gurudumu halipati habari yoyote. Mafuta ya kawaida ya breki, yakiwa mapya, huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyozeeka kiwango hicho hushuka. Maji matupu, kila mtoto wa shule anajua, huchemka kwenye nyuzi 100.

Land Rover ilitolewa mwaka 1948, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Chuma cha bodi kilikuwa cha mgao Uingereza, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu bodi ya gari langu ilikuwa nzima ilhali fremu imeliwa na kutu. Breki zilikuwa dramu tupu, mbele na nyuma, na kwa miaka mingi mafuta yote yalitoka kwenye masta silinda moja yenye njia moja. Raba moja ikichanika katika gurudumu moja, mafuta ya magurudumu yote manne huishia chini. Marekani ililazimisha magari madogo mapya kuwa na njia mbili tangu mwaka 1968. Magari yetu yaliendelea na njia moja.

Sasa nije kwenye deni.

Mwaka 1984 nilikuwa na umri wa miaka 34, nikikaimu ukuu wa chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Fedha za kigeni hazikuwapo, sabuni ilipangiwa foleni, na spea za magari zilikuwa hadithi. Chuo kilikuwa na gari moja, Land Rover 109 pikapu. Dereva wetu, mtu makini aliyenizidi umri kwa miaka minane, aliniletea kitabu cha safari nisaini. Walikuwa wanachuo wanne, waliomaliza mazoezi ya kufundisha huko Lushoto, warejeshwe chuoni pamoja na magunia yao ya maharage. Chini ya tarehe, dereva alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Gurudumu la nyuma kushoto linavuja. Mafuta ya breki hakuna. Naongeza maji ya sabuni."

Nilisoma. Nisidanganye kwamba sikusoma. Nikamwambia, "Nenda polepole, tutatafuta raba mwezi ujao." Nikasaini.

Anayeijua barabara ya Lushoto hadi Mombo, iliyochongwa ubavuni mwa Usambara tangu enzi za Wajerumani, anajua kwamba gari hushuka kama mita 1,000 katika mwendo wa kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona. Fanya hesabu nami. Gari lenye mzigo, tuseme kilo 2,500, likishuka mita 1,000 huachia nishati ya takriban juli milioni 25. Hiyo ni zaidi ya mara 70 ya nishati inayohitajika kulisimamisha gari hilohilo kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Sehemu ya joto hilo hubebwa na injini, kama dereva ametumia gia nzito, na sehemu kidogo na upepo. Linalobaki lote huingia kwenye dramu. Dereva wetu alitumia gia nzito. Lakini chini ya Soni maji yalichemka, na pedali ikaenda hadi sakafuni.

Akavuta breki ya mkono. Katika Land Rover zile breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika shafti nyuma ya gia. Oili ilikuwa imevujia humo, ikateleza. Ndipo akafanya jambo pekee lililobaki: akaligeuza gari upande wa mlima badala ya upande wa bonde, na akaligonga ukingoni. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Mwanachuo mmoja alivunjika mkono na akahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Dereva alivunjika mguu, akapona akiwa anachechemea.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Iliandika kwamba dereva aliendesha gari bovu bila kutoa taarifa. Alipewa karipio kali, akaondolewa udereva, akafanywa mlinzi wa usiku hadi alipostaafu. Kitabu cha safari hakikuulizwa, nami sikukitoa. Kilikuwa katika kabati la ofisi yangu. Baadaye kikawa katika sanduku nyumbani kwangu.

Hiyo ndiyo sababu ya kununua banda lile la kuku. Nilitaka kujua kwa mikono yangu ile raba ilikuwa kazi kubwa kiasi gani.

Jibu nililipata siku ya kwanza. Ni kipete kidogo cha mpira, huingia katika kiganja cha mtoto. Kukibadilisha, pamoja na kufungua gurudumu na dramu, kulituchukua asubuhi moja, mimi na fundi kijana wa jirani.

Kijana yule alikuja na pampu ya upepo ili apulize vumbi la dramu. Nikamzuia. Bitana za breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Uingereza, iliyotuuzia magari haya, iliipiga marufuku mwaka 1999. Tulilowesha kila kitu kwa maji, tukapangusa kwa matambara, tukayafunga katika mfuko. Nilijiuliza ni mafundi wangapi wa karakana zetu waliopuliza vumbi lile huku wakipiga soga.

Dramu tulizipeleka kukerezwa, mbili zikakataliwa kwa kuwa zilikuwa nyembamba kupita kiasi. Tukaweka breki shuu mpya, wili silinda mpya na mabomba mapya yote. Magurudumu ya mbele ya 109 yana silinda mbili kila moja, ili breki shuu zote mbili zivutwe na mzunguko wa dramu na kuongeza nguvu. Ubaya wake ni kwamba gari likirudi kinyumenyume, msaada huo hupotea. Anayezima injini akiwa anapanda mlima ajue hivyo. Kila breki shuu husogezwa na kipande cha chuma chenye umbo la konga la konokono: unakizungusha hadi dramu ikwame, kisha unakirudisha kidogo hadi izunguke huru.

Kisha ukaja mjadala. Kijana alitaka tuweke diski mbele, kama Land Rover zilivyotoka kiwandani tangu mwaka 1983. Alikuwa na hoja: diski hupoa upesi, na hukauka upesi baada ya kuvuka mto. Lakini zingetulazimu kubadili pia vichwa vya ekseli, na gari langu halizidi kilomita 60 kwa saa. Fedha niliyokuwa nayo niliiweka mahali ambapo gari la chuo lilishindwa: masta silinda yenye vyumba viwili, kimoja kwa magurudumu ya mbele, kingine kwa ya nyuma, pamoja na kisaidizi cha mguu kinachotumia mvuto wa hewa wa injini. Sasa raba moja ikichanika, nusu ya breki inabaki.

Kwenye magurudumu tulikuta rimu mbili zenye matundu ya nati yaliyotanuka kama mayai, dalili kwamba gari liliendeshwa nati zikiwa zimelegea. Tulizitupa. Mwanangu wa pili alijitolea kuninunulia rimu pana za kupendeza. Nikamshukuru, nikakataa, kwa sababu rimu inayotokeza nje huelemea beringi na hulitia usukani uzito. Tulibaki na kipimo chake cha asili, 7.50-16. Muuzaji mmoja aliniletea matairi ya bei nafuu yenye meno marefu, kama mapya. Nikatafuta tarakimu nne ubavuni: 1409. Maana yake yalitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009, nasi tulikuwa mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Nikalipa zaidi, nikapata mapya kweli. Sili za ekseli nazo tulibadilisha, kwa kuwa oili ikivujia kwenye breki shuu, kazi yote iliyotangulia ni bure.

Lilipokamilika, nilikichukua kitabu cha safari nikaenda kwa dereva wangu wa zamani. Siku zile yeye ndiye aliyekuwa akiniamkia, kwa sababu ya cheo. Safari hii nilimwahi.

"Shikamoo, kaka."

Alisita kidogo, kisha akaitikia, "Marahaba, Mkuu."

Nikampa kitabu. Alisema, "Nilijua kipo. Nilidhani panya wamekwisha kukila." Macho yake hayasomi tena, akaniomba nisome. Nikasoma mistari ile mitatu, na saini yangu chini yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akawaita wanawe wawili na mjukuu, akasema, "Mkuu, soma tena."

Nikasoma tena.

Sikumwomba aseme amenisamehe, na hakusema. Alikubali nimshike mkono hadi kwenye gari. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga pedali mara tatu. "Hii imekaa," akasema. Nilimwalika twende naye mpaka Lushoto na kurudi. "Hapana," akajibu, "mteremko ule nilikwisha kuushuka."

Mwaka 2019 niliandika barua kwa ofisi husika, nikaambatanisha nakala ya ukurasa ule, nikaomba karipio lile lifutwe. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba jalada halionekani. Basi, kwa kuwa jalada halionekani, naandika hapa: dereva yule alitoa taarifa, kwa maandishi, kabla ya safari. Aliyeisoma na kusaini ni mimi. Ukurasa wenyewe anao mwanawe mkubwa, na yeyote anayetaka kuuona atauona.

Nawaomba wakuu wa vyuo na shule, ambao leo wanasaini safari kama nilivyosaini mimi, wasome kile dereva alichoandika juu ya mahali pa saini. Gari langu nalikagua kila Jumamosi, na mafuta ya breki nayabadilisha kila baada ya miaka miwili, yawe yamevuja au hayakuvuja.