AC ya Gari Inanuka Soksi? Wacha Kupuliza Pafyum, Fanya Hivi

Wewe ni dereva wa teksi na umebeba mteja Westlands saa nane mchana. Jua ni kali, anakuomba uwashe AC. Unabonyeza, na kabla hata baridi haijaanza kusikika, uvundo unatoka kwa matundu kama soksi za mtu aliyenyeshewa wiki jana. Mteja hasemi kitu. Anashusha tu dirisha. Sasa mko kwa jam, dirisha liko chini, simu iko mkononi, na wale vijana wa kunyakua simu pia wako kazini. Hata simu ikibaki salama, ziko nyota atakupa mwisho wa safari. Hizo ndizo zitaumia.

Wasee wengi hapo hukimbilia pafyum, ama kile kimti cha kunukia kinachoning'inia kwa kioo. Matokeo? Harufu mbili badala ya moja. Shida yako kubwa ni maji yanayobaki ndani ya AC bila kukauka.

Uvundo unatoka wapi?

Nyuma ya dashibodi kuna kifaa kinaitwa evapareta. Kinafanana na rejeta ndogo, na AC ikiwa imewashwa kinakuwa baridi sana. Hewa yenye unyevu ikipita hapo, maji yanajikusanya juu yake, vile chupa ya soda baridi hutoa jasho. Maji hayo yanashuka kwa paipu ndogo hadi chini ya gari.

Sasa ukifika na kuzima kila kitu ghafla, evapareta inabaki imelowa. Ndani ni giza na hewa haitembei. Ongeza vumbi la Eastern Bypass, na hapo kuvu na bakteria wamepata nyumba bila kulipa kodi. Siku ukiwasha AC tena, feni inakupulizia hiyo hewa yao moja kwa moja usoni.

Na si mambo ya aibu pekee. Mtu mwenye pumu ama alaji anaweza kuanza kukohoa, kupiga chafya na kuwashwa macho.

Hatua za kufuata

1. Gusa kapeti. Toa mati zote, bonyeza kapeti na mkono, hasa upande wa abiria wa mbele. Ikiwa imelowa, anika kwanza. Hakuna dawa itafanya kazi kama chini kuna bwawa.

2. Angalia paipu ya maji. Washa AC kwa dakika 10 hadi 15 ukiwa umeegesha nje, kisha chungulia chini ya gari. Siku yenye unyevu unafaa kuona matone. Kama hakuna kitu na kapeti ya abiria iko majimaji, paipu imeziba na inafaa kuzibuliwa.

3. Badilisha filta. Dukani itisha filta ya AC, na utaje modeli na mwaka wa gari. Kwa magari mengi ya Japani, kama Fielder na Vitz, inakaa nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria. Unakifungua, unatoa filta kuukuu, unaweka mpya ukifuata mshale wa njia ya hewa. Haihitaji fundi. Kawaida ni kubadilisha kila kilomita 15,000 hadi 20,000 ama mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama barabara zako ni za vumbi. Kama tangu ununue gari hujawahi kuigusa, jiandae kukuta majani na mchanga.

4. Safisha evapareta. Kwa maduka ya spea uliza dawa ya povu ya kusafisha AC. Zima gari, ingiza mrija wake pale mkebe unaelekeza, mara nyingi ni kwa paipu ya maji ama pale filta hukaa. Epuka nyaya. Acha povu likae muda ulioandikwa kwa mkebe, na litoke chini kama maji machafu.

5. Kausha. Washa gari, zima kitufe cha AC, weka hita hadi mwisho na feni kwa nguvu, madirisha yote wazi, dakika 10 hivi. Fanya hii nje. Ukiwa ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa gari una kaboni monoksaidi, na hiyo huua bila kunuka.

Usijaribu hizi

Usimwage Jik kwa matundu. Inakula chuma cha evapareta, na mvuke wake unaumiza mapafu. Ukiichanganya na siki ndiyo mbaya zaidi, inatoa gesi ya sumu.

Pia usikubali kuuziwa gesi ya AC ndiyo uvundo uishe. Gesi inahusu baridi. Kama AC yako inapoesha vizuri lakini inanuka, doo ya gesi kaa nayo.

Siri ya dakika 5

Hii ndiyo itakuokolea pesa. Dakika 5 kabla ufike, zima kitufe cha AC lakini acha feni ikiendelea. Kama unaishi Kahawa Sukari, ukifika Githurai, zima. Hewa ya kawaida itakausha evapareta kabla hujaegesha. Halafu usikae siku nzima na kile kitufe cha picha ya gari yenye mshale unaozunguka ndani. Kinazungusha unyevu ule ule wa pumzi zenu. Kitumie ukipita penye vumbi ama moshi wa matatu, kisha ukitoe.

Na hata Julai wakati Nairobi ni friji, washa AC dakika chache kila wiki. Itakutolea ukungu kwa kioo pia.

Kama si uvundo

Harufu tamu pamoja na ukungu wa mafuta-mafuta kwa kioo cha mbele ni dalili kwamba maji ya rejeta yanavujia kwa hita. Harufu ya petroli ama ya waya kuungua, simama, zima gari na uite fundi. Harufu ya kitu kimeoza? Tafuta panya.

Ukifanya hatua zote tano na bado inanuka, evapareta yenyewe inafaa kutolewa ioshwe, na hiyo ni kazi ya fundi wa AC kwa sababu mara nyingi lazima dashibodi ifunguliwe. Lakini anza na filta na zile dakika 5. Mteja akikaa na dirisha juu kutoka Westlands hadi Syokimau, utajua umeshinda.