Vibanda vya Chakula vya Katikati ya Butembo

Vibanda vya chakula vya Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa vile vilivyo karibu na soko kuu na kando ya barabara ya Beni, vilikua pamoja na biashara ya mji. Butembo haikuwa makao ya mfalme wala bandari. Katika miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, maarufu kama MGL, ilifungua kituo hapa, na wafanyakazi wake wakahitaji kulishwa. Wakulima Wanande wa vilimani, ambao wenyewe hujiita Wayira, walishuka na maharagwe na viazi, wanawake wakibeba mizigo mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Aliyetembea nusu siku hivyo alifika sokoni na njaa, na hapo mwenye sufuria na jiko la makaa alipata wateja.

Mwaka 1973 serikali ya Rais Mobutu ilichukua biashara nyingi za wageni, na wafanyabiashara wa hapa wakapata nafasi ya kupanuka. Baadaye walifika Nairobi, Dubai na Guangzhou. Mwaka 2003 Butembo ilipewa hadhi ya jiji lenye komuni nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Maghorofa yakaota, lakini chakula cha mchana cha wapakuzi wa malori na cha wenye maduka kimebaki karibu kilekile.

Msingi wake ni bugali wa unga wa muhogo, ambao kwa Kinande ni obundu. Mara nyingi unga huo huchanganywa na wa mahindi. Unashushwa kwa maharagwe, lengalenga au sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo Kinshasa huitwa pondu. Sombe haina haraka: majani hutwangwa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, maana yakiwa mabichi yana sumu. Ndiyo sababu mpishi wa sombe huwasha moto mapema. Huko Kinshasa kibanda kama hiki kinaitwa malewa, na neno hilo limeenea mbali na mji huo.

Sombe bila mawese haiwi sombe, na hapo ndipo Butembo inapotegemea wengine. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, na mchikichi haustawi. Mawese hutoka nchi ya chini ya Beni, upande wa Mbau na msituni. Viazi na kabeji hutoka Lubero, kusini. Sahani moja basi huunganisha hali mbili za hewa, na barabara ikikatika, mlaji huona.

Samaki ana kisa chake. Ziwa Edward, ambalo sehemu yake kubwa iko Kongo, liko kwenye mita 912 hivi, kwa hiyo tilapia wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa hilo, hupanda hadi karibu mara mbili ya kimo hicho kabla ya kufika sahanini. Wengi hupanda wakiwa wamekaushwa kwa moshi au chumvi, maana barafu ni adimu. Katika miaka ya 1970 viboko wa Hifadhi ya Virunga, inayogusa ziwa hilo, walikadiriwa kuwa 29,000 hivi. Kinyesi chao kilirutubisha maji na kulisha samaki. Vita na ujangili viliwapunguza hadi chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000. Samaki nao wakapungua, na uvuvi usiodhibitiwa umeongeza hasara hiyo.

Kisha mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287. Butembo na Beni ziliumia sana. Maji yenye klorini yaliwekwa milangoni, watu wakaacha kupeana mikono, na wahudumu wa afya wakaonya dhidi ya nyama ya porini. Hasara hiyo ilikuja juu ya nyingine: tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia kuzunguka Beni, yanayohusishwa na kundi lenye silaha la ADF, yamewafanya wakulima wengi kuacha mashamba yao. Mawese yakiadimika Mbau, kwenye vibanda vya Butembo sombe hupikwa kwa mafuta machache.