Watu wa Mto na Ugonjwa wa Kisukari

Wako wasemao kuwa kisukari ni ugonjwa wa urithi, na wako wasemao kuwa ni ugonjwa wa ulaji. Kila upande una sehemu ya kweli. Lakini historia ya kabila moja dogo la Marekani yatufundisha kuwa mambo hayo mawili hayatengani.

Katika jimbo la Arizona, nchi ya jangwa na joto kali, upo mto uitwao Gila. Tangu zama za kale wakaa kando yake watu wajiitao Akimel O'odham, yaani Watu wa Mto, ambao wageni waliwaita Pima. Walichimba mifereji, wakamwagilia mashamba, wakavuna mahindi, maharagwe na maboga. Na walipokuja Wahispania, wakaotesha ngano pia. Mwaka 1849 wasafiri waliokimbilia dhahabu ya California walipata chakula kwao. Hawakuwa ombaomba, walikuwa watu wa kuwapa wengine.

Neema hiyo haikudumu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, walowezi waliokaa upande wa juu wa mto waliyageuza maji kuyapeleka katika mashamba yao. Mto ukakauka, mimea ikafa, na njaa ikaingia. Baadaye wenyeji wakategemea posho ya serikali: unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Mkulima aliyeshinda jembeni akawa mtu wa kungoja mgao.

Utafiti wa tabibu Elliott Joslin, uliochapishwa mwaka 1940, haukuona kuwa kisukari kiliwazidi watu hao kuliko wengine. Lakini uchunguzi ulioanza mwaka 1965 ulikuta kuwa karibu nusu ya wenye umri wa miaka 35 na zaidi walikuwa nacho. Damu haibadiliki katika miaka 25. Kilichobadilika ni maisha.

Je, urithi hauna lake? Unalo. Wamarekani wengine waliokula vyakula vya namna hiyo hawakupatwa kwa wingi kama huo. Mwaka 1962 mtaalamu James Neel alidhani kuwa urithi uliomfaa mtu wakati wa njaa, kwa kumwekea akiba ya mafuta mwilini, humdhuru wakati wa shibe. Dhana hiyo ingali ikibishaniwa. Lakini yajulikana kuwa jeni nyingi, kila moja kwa sehemu yake ndogo, huongeza hatari ya ugonjwa huu.

Ushahidi mkubwa ulitoka Mexico. Katika kijiji cha Maycoba, milimani, wapo Pima wengine, ndugu wa wale wa Arizona kwa asili. Hao walidumu katika kilimo cha jasho na chakula cha mahindi na maharagwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wenye kisukari kwao walikuwa karibu 7 katika kila watu wazima 100. Kwa ndugu zao wa Arizona walikuwa 38.

Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudishia Watu wa Mto haki ya sehemu ya maji yao. Maji hayamponyi aliyekwisha kuugua, lakini shamba laweza kulimwa tena.

Basi, msomaji, ikiwa mzazi wako ana kisukari, usidhani kuwa umekwisha kuhukumiwa. Wala usimcheke mgonjwa ukamwita mlafi, kabla ya kuuliza ni nani aliyeukausha mto wake. Urithi ni mbegu. Chakula na kazi ndiyo mvua iioteshayo.