Makarani wa Kibandani

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zilitiwa kwenye katazo hilohilo. Vijana wanaoleta vyeti dukani kwangu kuskaniwa wakisikia habari hiyo hudhani nawapigia porojo. Si porojo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye ikabebeshwa hesabu za Serikali. Hesabu zikavurugika, fedha za kigeni zikaendelea kutoka, na wakubwa wakaona heri waufunge mlango. Katazo lilikuja kulegea taratibu, lakini hata tulipoingia miaka ya 1990, kompyuta katika ofisi ya wilaya ilikuwa kitu cha kusimuliwa.

Silaumu. Mwaka ule wa 1974 chakula kilikuwa haba na bei ya mafuta ilikuwa imepaa. Dola ya kununulia mashine ilikuwa ndiyo dola ya kununulia mahindi. Ila uamuzi ule ulituachia mlima wa karatasi, na miaka ilipofika ya kuuhamisha mlima huo kuupeleka kwenye mitambo, kazi haikufanywa na wataalamu peke yao. Sehemu kubwa ilifanywa na watu wa steshenari, vibanda vya kuchapa na kutoa kopi kama changu, na hao sijawaona wakitajwa popote.

Mimi nilianzia masijala. Kwa asiyejua, masijala ndiyo moyo wa ofisi ya Serikali: chumba cha majalada, chenye kaunta ya mbao na harufu ya vumbi na gundi. Kulikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri, na karani wa ya wazi hakukanyaga ya siri. Barua ikiingia, ilipigwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa kwenye rejista, ikatobolewa tundu pembeni na kufungwa kwenye jalada kwa ule uzi wa kijani wenye vyuma ncha mbili. Kila karatasi ilipewa namba yake ya folio kwa kalamu nyekundu, juu pembeni kulia. Ukurasa ukinyofolewa, namba inaruka, na wizi unajulikana siku hiyohiyo. Nimeona mifumo mingi ya kisasa, na kwa jambo hilo moja bado naiheshimu kalamu nyekundu.

Karani mzuri wa masijala hakuwa wa kupanga majalada tu. Alikuwa anawajua watu. Alijua kwamba Saidi Juma wa jalada la viwanja ndiye Said J. Mkumba wa jalada la mishahara, na kwamba Mwanaidi na Mwanahidi ni mwalimu mmoja aliyebadilishiwa herufi na mhazili mwenye haraka. Ujuzi huo haukuandikwa mahali. Ulistaafu na mwenyewe.

Wahazili nao walikuwa daraja lao. Aliyetoka Chuo cha Uhazili Tabora alitembea kama aliyetoka chuo kikuu, na haki yake. Tangazo la kazi ya katibu mahsusi lilitaka, na kwa miaka mingi liliendelea kutaka, hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Taipureta haikusamehe: ukipiga barua yenye nakala nne kwa karatasi za kaboni na ukakosea herufi moja, unasahihisha mara tano, na nakala ya mwisho hubaki na doa jeusi kama jeraha. Mitihani ya shule na mihtasari ya vikao ilipigwa kwenye stensili, kisha ikazungushwa kwa mkono kwenye mashine ya kudurufu mpaka wino unaingia kwenye kucha.

Miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi, nami nikapunguzwa. Kiinua mgongo kilinunua taipureta kuukuu na meza, na nikakaa barazani karibu na mahakama, Morogoro mjini. Nilipiga mikataba ya pango, wasia, barua za kuomba kazi na risala za harusi. Baraza ile ilikuwa shule. Mtu anakuja na shauri lake limejaa kifuani, anasema kwa machozi kwa nusu saa, na wewe unatakiwa ulitoe kwa aya tatu ambazo hakimu atazisoma. Baadaye ikaja fotokopi, na fotokopi ndiyo iliyotuingiza ndani ya vyumba vyenye soketi. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulitufundisha sote kununua jenereta ndogo, na mtaa mzima ukawa unanguruma kutwa.

Kompyuta ilipoingia kwenye steshenari, mwanzoni ilikuwa taipureta yenye kioo. Tuliandika, tukachapa, tukafuta. Mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya mkonga wa intaneti wa SEACOM kutia nanga Dar es Salaam mwaka 2009. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilipoanza kazi mwaka 2010, bado maombi yalikwenda kwa posta, S.L.P. 63100, Dar es Salaam. Namba hiyo niliichapa kwenye bahasha mpaka vidole vikaikariri. Kisha maombi yakahamia mtandaoni. Mikopo ya elimu ya juu nayo ikahamia. Mwaka 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) wakaleta usajili wa kampuni na majina ya biashara kwa mtandao, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za kufungua mashauri mahakamani kwa njia ya kielektroniki, Tangazo la Serikali Na. 148. Mawakili waliokuwa wakituma vijana na mafaili yaliyofungwa kamba sasa wanatuma vijana na flashi.

Kila mfumo ulipozinduliwa, kulikuwa na hotuba na utepe. Siku ya pili yake wananchi walikuja kwetu. Mama wa Matombo mwenye mtoto aliyefaulu kidato cha sita hana kompyuta, na hata angekuwa nayo, fomu ya mkopo inataka sahihi ya serikali ya mtaa, muhuri wa kamishna wa viapo, na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Inachapwa, inazungushwa mtaani kutafuta mihuri, inarudi, inaskaniwa, inapandishwa. Karatasi inakwenda mtandaoni kwa kupitia karatasi. Nani aliyekaa kati? Binti wa steshenari, kwa shilingi mia tano kwa ukurasa.

Wakati mwingine nchi nzima ilitikisika na sisi tukatikisika nayo. Kabla ya Aprili 2017, wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watu walifukua masanduku ya chuma. Vililetwa vyeti vilivyokunjwa mara nne, vilivyoliwa na mende, vyenye mafuta ya taa. Ripoti aliyokabidhiwa Rais Magufuli huko Dodoma Aprili hiyo ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nilijifunza wakati ule kutomtazama mteja usoni huku natoa kopi. Halafu ikaja zamu ya laini za simu: kusajili kwa alama za vidole, kikomo kikiwa mwisho wa mwaka 2019, kikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Bila namba ya kitambulisho cha Taifa ya NIDA, tarakimu ishirini, hakuna laini. Tulikuwa tunafungua alfajiri.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kubonyeza tu. Chukua cheti cha kuzaliwa cha zamani kilicholaminetiwa. Plastiki ile hurudisha mwanga, na ukikiweka ovyo kwenye kioo cha skana, katikati panatoka doa jeupe palepale penye jina la baba. Kwanza futa plastiki kwa kitambaa kikavu, futa na kioo. Kiweke mshazari kidogo, funika na karatasi nyeupe juu, bonyeza kifuniko kwa kiganja chote. Cheti kisicholaminetiwa kina taabu nyingine: ng'oa pini zilizoshika kutu kwa wembe, taratibu, kutoka nyuma, la sivyo unaondoka na kipande cha muhuri. Muhuri wa zambarau uliofifia hauonekani ukiskani kwa nyeusi na nyeupe, lazima rangi. Rangi inafanya faili kuwa zito, na mfumo haupokei faili zito. Basi unalipunguza, unalipunguza tena, unasimama pale ambapo muhuri bado unasomeka. Halafu lipe jina linaloeleweka. Kompyuta za mtaani zimejaa mafaili yanayoitwa «scan0001».

Lakini yote hayo ni mikono. Uzito uko kwenye majina. Karatasi ilivumilia, mfumo hauvumilii. Mzee mmoja mstaafu alikuja akifuatilia mafao yake. Cheti cha ubatizo kinasema Yohana, barua ya ajira inasema John, kitambulisho kinasema Yohane. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hakuna aliyemsumbua, kwa sababu karani wa masijala yake alimjua. Aliniambia, «Mama, huyu ni mimi tu.» Nikamjibu, «Najua, baba, ila mfumo haujui.» Tukaandika kiapo cha majina, akaenda nacho kwa wakili, akarudi, tukaskani, tukapandisha. Nina hakika kwamba maelfu ya Watanzania waligundua mara ya kwanza kuwa wao ni watu wawili siku walipofika steshenari. Hekima iliyokuwa masijala, ile ya kujua kwamba Saidi na Said ni mmoja, haikuingizwa kwenye mtambo. Ilihamia kwetu, bila mshahara wala semina.

Kwingine kazi hiihii ilipewa majengo na mikataba. Miaka ya 1980 shirika la ndege la American Airlines lilikuwa na akina mama Barbados wakiingiza kwenye kompyuta taarifa za tiketi za abiria wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Accra, vijana wa Ghana waliingiza kwenye kompyuta faini za uchafu za jiji la New York, za watu waliotupa taka kwenye mitaa ambayo wao hawatawahi kuikanyaga. Kampuni ya Digital Divide Data ilianzia Phnom Penh, Kambodia, mwaka 2001, kazi yake ya kwanza kubwa ikiwa kuandika upya matoleo ya zamani ya gazeti la wanafunzi wa Harvard. Mwaka 2011 ikafungua Nairobi. Nairobi hiyohiyo vijana wa kampuni nyingine wakaja kupewa kazi ya kusoma matini chafu na kuzitia alama ili kuifunza akili mnemba, na Januari 2023 jarida la Time likaandika kwamba walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Mpwa wangu aliniuliza kama angehamia kazi za namna hiyo. Nilimwambia steshenari haina heshima sana, lakini mtu unayemhudumia unamwona, na akiwa na njaa unamjua.

Karatasi nayo ina sifa yake katika habari hii. Nyaraka za Wajerumani zilizoko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na miswada ya Kiarabu ya Zanzibar ikafuata mwaka 2003. Karatasi zile zimepita vita, mchwa na joto la pwani, na bado zinasomeka. Mafaili ya wateja wangu wa mwaka 2008 yalikuwa kwenye diski ngumu iliyokufa siku umeme uliporudi kwa kishindo, na ndiyo ikawa basi.

Sasa simu zimetuingilia. Kijana anapiga picha cheti chake juu ya kitanda, programu inaikata kingo, anaituma. Mara nyingi inakubalika. Mara nyingi pia anakuja kwetu jioni, siku ya mwisho ya maombi, na picha yenye kivuli cha mkono wake. Biashara imepungua lakini haijafa, na sidhani kama itakufa karibuni, kwa kuwa mifumo inaongezeka na majina bado hayalingani.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Kwenye kompyuta za mtaa mmoja tu wa steshenari kuna vyeti, namba za NIDA, hati za viwanja, sahihi na viapo vya watu wa wilaya nzima. Kuna daftari la kaunta lenye barua pepe na nywila za wateja, kwa sababu wateja wenyewe hutuomba tuwatunzie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na ni sheria nzuri. Kwenye mtaa wangu bado hajafika mtu wa kutuelimisha juu yake. Wenzangu wengi ni waaminifu. Si wote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda steshenari, kabla hujalipa mwombe anayekuhudumia afute faili lako mbele ya macho yako, alifute na kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha atoke kwenye akaunti yako. Nywila iandike kwenye daftari lako wewe mwenyewe. Akikataa, lipa ulichofanyiwa, na siku nyingine nenda duka la jirani.